George Elkington, Bwana wa Vijiko vya Kuchovya

Huko Plateau, kituo cha reli kilicho kusini-mashariki mwa mji wa Eldoret, ziko nyumba ambamo chini ya kitanda cha kogo, kama Wakalenjin wamwitavyo nyanya, huhifadhiwa sanduku lisilofunguliwa ila siku ya harusi au siku ya msiba. Ndani yake mna vijiko vizito, uma, visu vya mezani, pengine na buli la chai pamoja na sinia lake. Vyombo hivyo vimefanya weusi kama masizi, lakini ukivisugua kidogo kwa kitambaa, rangi ya fedha hujitokeza na kumeremeta.

Mwenye sanduku akiwa hai, hakuna mwenye haja ya kuuliza thamani ya vitu hivyo. Taabu huanza anapofumba macho. Watoto hukaa kitako kugawana mali. Huyu husema kwamba vijiko ni fedha tupu na vinaweza kulipa karo ya mtoto hadi amalize shule. Yule husema ni bati la Wazungu, lisilofaa hata kubadilishwa kwa kuku. Mara hutokea mnunuzi wa kupita njia, ana mizani mfukoni na maneno matamu mdomoni, naye hutaja bei yake mwenyewe. Jamaa wakikubali, huenda wameuza fedha kwa bei ya bati. Wakikataa, huenda wakaendelea kugombana miaka na mikaka kwa ajili ya bati, hata ndugu wasipikiane chai.

Msomaji, ugomvi wa namna hii hauhitaji wazee wa baraza. Unahitaji mwanga, macho mazuri na kumfahamu bwana mmoja ambaye hakupata kukanyaga ardhi ya Kenya. Bwana huyo alifariki mwaka 1865, miaka 43 kabla ya magari ya ng'ombe ya Makaburu kufika katika nyanda za Uasin Gishu. Jina lake ni George Richards Elkington. Yeye ndiye aliyefanya kitu kisicho fedha kionekane fedha, na akakiingiza katika nyumba za watu wa kawaida ulimwenguni kote.

KIJANA WA BIRMINGHAM

Elkington alizaliwa tarehe 17 Oktoba, 1801, katika mji wa Birmingham nchini Uingereza. Wakati huo Birmingham ulikuwa mji wa moshi na nyundo. Kila mtaa ulikuwa na karakana: hapa vifungo vya nguo, pale bizimu za mikanda, kule visanduku vya ugoro na miwani. Baba yake, James Elkington, alikuwa mmoja wa mafundi hao; alitengeneza miwani na vikorokoro vya kupakwa dhahabu.

Mnamo mwaka 1815, akiwa bado mvulana, George alipelekwa kujifunza kazi kwa wajomba zake waliokuwa na karakana ya vitu vya kupakwa fedha. Kijana alikuwa na mkono mwepesi na kichwa cha biashara. Akapanda kutoka uanafunzi hadi kuwa mshirika, na wajomba walipofariki, karakana ikawa yake. Baadaye alimwingiza binamu yake, Henry Elkington, katika shughuli hiyo, na wawili hao wakafanya kazi bega kwa bega mpaka Henry alipoaga dunia mwaka 1852.

Ili tuelewe jambo walilokuwa wakilitafuta, yafaa kwanza tujue jinsi kazi hiyo ilivyofanywa kabla yao. Aliyetaka kupaka chombo dhahabu alichanganya dhahabu na zebaki mpaka ikawa kama uji mzito. Uji huo ulipakwa juu ya chombo, kisha chombo kikapashwa moto. Zebaki iliruka ikawa mvuke na kuiacha dhahabu imeganda. Chombo kilipendeza sana, lakini mvuke huo ulikuwa sumu. Mafundi waliouvuta mwaka baada ya mwaka walitetemeka mikono, wakang'oka meno, na wengi wakafa kabla ya uzee. Kila kifungo kilichong'aa kwenye koti la bwana mkubwa kilikuwa kimekula sehemu ya uhai wa fundi.

Upande wa fedha, njia iliyokuwapo ni ile ya Thomas Boulsover wa mji wa Sheffield. Mnamo mwaka 1743 hivi, fundi huyo alitambua kwamba bamba la fedha na bamba la shaba yanaweza kushikamanishwa kwa moto, kisha yakapondwa na kunyooshwa pamoja kama kitu kimoja. Vyombo vya namna hiyo vilikuwa na ngozi ya fedha na mwili wa shaba, navyo viliuzwa rahisi kuliko fedha tupu. Hata hivyo kazi yake ilikuwa ndefu, na kwenye kingo shaba ilichungulia. Mtu wa kipato kidogo bado hakuweza kuvinunua.

DAKTARI NA UMEME

Mwanzoni mwa karne ya 19, wataalamu wa Ulaya walikuwa wameanza kuuchezea umeme. Volta wa Italia alikuwa ametengeneza betri yake mwaka 1800. Miaka michache baadaye Mwitaliano mwenzake, Brugnatelli, alitumia betri kupaka medali dhahabu, lakini jambo lile halikuenea. George na Henry walisikia habari hizo. Kuanzia mwaka 1836 walianza kuchukua hati za serikali za kulinda uvumbuzi wao wa kuchovya vyombo katika dhahabu bila zebaki. Walikuwa wamekaribia shabaha, ila fedha iliwashinda. Iliganda vibaya, ikatoka kama unga, au ikabanduka baada ya siku chache.

Hapo ndipo alipoingia daktari wa upasuaji aitwaye John Wright. Huyu naye alikuwa mkazi wa Birmingham, na saa zake za mapumziko alizitumia kwa majaribio ya kemia nyumbani. Wright alikuwa amesoma maandishi ya mtaalamu Scheele wa Sweden, yaliyoeleza kwamba fedha na dhahabu huweza kuyeyushwa katika maji yenye sianidi. Akajaribu maji hayo pamoja na betri, na fedha ikaganda juu ya chombo ikiwa imara na laini. Akabeba vielelezo vyake hadi kwa akina Elkington.

Mfanyabiashara mwingine huenda angemfukuza daktari, kisha akamwibia siri yake. Elkington aliona mbali. Alikubaliana na Wright kumlipa, jambo la sianidi likatiwa ndani ya maombi yake ya hati, na mwezi Machi mwaka 1840 hati ile iliyobadilisha biashara ya fedha ulimwenguni ikatolewa. Jina lililokuwa juu yake ni la Elkington. Wright alipata malipo yake, lakini hakuishi kuona utajiri wenyewe, kwani alifariki mwaka 1844 akiwa bado kijana. Mgala muue na haki yake mpe: kila kijiko cha kuchovya kilichoko duniani kina deni kwa daktari yule, ingawa jina lake halikupigwa chapa mgongoni mwa hata kimoja.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kijiko kilichotengenezwa kwa madini ya bei nafuu kilitundikwa ndani ya beseni lenye maji ya sianidi na fedha iliyoyeyushwa. Kando yake kilitundikwa kipande cha fedha tupu. Umeme ulipopitishwa, fedha iliondoka katika kile kipande kidogo kidogo, ikasafiri ndani ya maji na kuganda juu ya kijiko. Kikiachwa muda mrefu, koti la fedha huwa nene. Kikitolewa upesi, koti huwa jembamba. Kwa mara ya kwanza fundi aliweza kuamua kwa mizani ni kiasi gani cha fedha atakachompa mteja wake. Hilo lilikuwa jambo jema, na tutaona kwamba lilikuwa pia mwanzo wa hila.

MADINI YASIYO FEDHA

Palikuwa na swali lingine: kijiko chenyewe, chini ya koti lake, kiwe cha nini? Shaba nyekundu ina aibu moja, kwamba koti likichakaa wekundu hujitangaza. Wachina walikuwa na siri ya zamani ya kuchanganya shaba, zinki na nikeli wakapata madini meupe. Mnamo miaka ya 1820 Wajerumani walifaulu kutengeneza mchanganyiko huo kwao. Waingereza wakauita fedha ya Kijerumani, au fedha ya nikeli. Jina hili, msomaji, ndilo lililowapotosha wengi. Ndani ya fedha ya nikeli hamna fedha hata chembe.

Elkington aliyachukua madini hayo meupe na kuyavika koti la fedha kwa umeme. Koti lilipochakaa, kilichochungulia hakikuwa chekundu bali cheupe chenye umanjano kidogo, na mgeni wa mezani hakutambua. Kutokana na ndoa hiyo ndipo zilipotokea zile herufi nne zinazoonekana mgongoni mwa vijiko vingi vya nyumba zetu: E.P.N.S. Maana yake ni kitu cha fedha ya nikeli kilichochovywa kwa umeme. Herufi hizo hazikuwa mali ya Elkington peke yake. Kampuni nyingi zilizotumia njia yake, kwa kibali na baadaye bila kuhitaji kibali, zilizipiga pia.

WASHIRIKA NA WAPINZANI

Mwanzoni wenye karakana za Sheffield na Birmingham waliubeza umeme. Walidai koti litabanduka na kwamba mchezo huo hautadumu. Elkington alihitaji mtaji, na mwaka 1842 akaupata kwa Josiah Mason, mtu aliyeanza maisha akiwa mchuuzi wa mitaani, akatajirika kwa kutengeneza nibu za kalamu. Mason alitia fedha zake, na pia akili yake ya biashara. Utajiri wa Mason ndio uliokuja kuanzisha chuo cha sayansi ambacho baadaye kilikuwa msingi wa Chuo Kikuu cha Birmingham, mwaka 1900.

Karakana yao kubwa ilisimama katika barabara ya Newhall. Humo ulitumika mtambo wa kuzalisha umeme uliobuniwa na Woolrich na kujengwa mwaka 1844, mmojawapo wa mitambo ya kwanza kabisa duniani kutumiwa kwa kazi ya kiwanda. Mtambo huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Birmingham. Watu huzoea kudhani kwamba umeme ulianza kwa taa. La, kabla haujaangaza nyumba, umeme ulikuwa tayari unachovya vijiko.

Elkington alikuwa na desturi ya kununua kila wazo jema lililomkaribia. Mwaka 1843 alijiwa na kijana Mjerumani, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubabia, akiwa na njia ya kuchovya iliyobuniwa na kaka yake. Kaka huyo, Werner Siemens, alikuwa ofisa wa jeshi aliyekuwa amefungwa gerezani kwa kuhusika katika pigano la watu wawili, na majaribio yake aliyafanya ndani ya chumba cha kifungo. Elkington aliinunua njia hiyo kwa paundi zipatazo 1,500. Fedha zile zilikuwa msaada mkubwa kwa ndugu hao, ambao jina lao sasa husomwa kwenye mitambo ya umeme ulimwengu mzima. Mfanyakazi wake mwingine, Alexander Parkes, alibuni jinsi ya kuchovya hata maua halisi yakageuka ya fedha. Huyo ndiye aliyeonyesha London, mwaka 1862, kitu kilichokuja kuwa babu wa plastiki zote tunazozitumia.

Huko Ufaransa haki za njia hiyo zilinunuliwa na Charles Christofle mwaka 1842. Yalipofanyika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, yaliyohudhuriwa na watu zaidi ya milioni sita, vyombo vya Elkington vilitazamwa kwa mshangao na waliokuwa wakimcheka wakanyamaza. Sinia la mshindi wa kike wa mchezo wa tenisi huko Wimbledon, linaloonyeshwa kila mwaka, lilitengenezwa na kampuni yake mwaka 1864. Vyombo vyake vilikuwa pia mezani katika meli ya Titanic iliyozama mwaka 1912.

Elkington hakuwa mtu wa makuu. Alipojenga na Mason kiwanda cha kuyeyusha shaba huko Pembrey, Wales, waliwajengea wafanyakazi nyumba, na watoto wao shule. Mwaka 1856 alifanywa hakimu wa mji wake. Aliacha wana watano walioendeleza kazi ya kampuni. Alifariki huko Wales tarehe 22 Septemba, 1865, akiwa na miaka 63. Mvuke wa zebaki ulikuwa umepungua sana katika karakana za Birmingham, ingawa sianidi nayo si kitu cha kuchezea, na mafundi walipaswa kujihadhari nayo kila siku ya Mungu.

KUTOKA BIRMINGHAM HADI PLATEAU

Je, vijiko vya mji ule wa moshi vilifikaje chini ya kitanda cha kogo? Mwaka 1908 msafara wa Makaburu wa Jansen van Rensburg ulipanda kutoka Nakuru kwa magari ya ng'ombe hadi Uasin Gishu, kwenye nchi iliyokuwa malisho ya Wakalenjin. Walowezi wengine, wakiwamo Waingereza, waliwafuata. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya masanduku ilianza kushushwa katika vituo vya njiani, Plateau kikiwa kimojawapo. Mlowezi aliyeishi katika nyumba ya udongo na nyasi hakutaka kula kwa kijiko cha mti. Heshima yake ilikuwa mezani.

Uhuru ulipokaribia na baada ya kupatikana mwaka 1963, walowezi wengi waliuza mashamba na kuondoka. Vitu vizito havikusafirishika. Vingine viliuzwa kwa mnada. Vingine walipewa wapishi na mayaya kuwa zawadi ya kuagana, na pengine kuwa badala ya malipo yaliyostahili miaka mingi ya jasho. Kwa hiyo sanduku la kogo si takataka za Mzungu. Ni malipo ya mtu aliyeamka alfajiri kuwasha jiko na kuvisugua vijiko hivyo hivyo. Ndiyo sababu ni dhuluma mbaya mjukuu kudanganywa bei yake.

JINSI YA KUTAMBUA

Basi tuufungue. Chukua kijiko, kipeleke dirishani na ukigeuze mgongo. Ukiona herufi E.P.N.S., hata kama kila herufi imetiwa ndani ya kingao kidogo chenye madoido, hicho ni cha kuchovya. Vingao hivyo ndivyo vinavyowahadaa watu, kwa maana vilitengenezwa vifanane na chapa za fedha halisi. Maneno Nickel Silver, Argentan au Alpacca pia hayana fedha. E.P.B.M. ni chombo cha bati lililochanganywa na antimoni na shaba kidogo, kikachovywa. A1 ni majivuno ya mtengenezaji juu ya unene wa koti. Neno Sheffield peke yake ni jina la mji, wala halithibitishi lolote.

Fedha halisi ya Kiingereza ina chapa za serikali. Tafuta simba anayetembea, mguu mmoja ameuinua. Simba huyo ametumika tangu mwaka 1544, na maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1,000 za chombo, sehemu 925 ni fedha. Kando yake huwapo alama ya mji uliokipima: nanga ni Birmingham, taji lilikuwa la Sheffield hadi mwaka 1974, na kichwa cha chui ni London. Huwapo pia herufi moja ya mwaka na herufi za jina la fundi. Katika vyombo vya nchi nyingine tafuta tarakimu 925, 900, 830 au 800, au neno Sterling.

Hapa pana mtego mmoja. Kampuni ya Elkington na nyingine ziliwahi kupiga taji juu ya vyombo vya kuchovya. Kwa hiyo taji pasipo simba lisikuondolee usingizi. Mtego wa pili ni tarakimu 90 katika vijiko vya Ulaya bara. Wengi hudhani ni asilimia 90 ya fedha. Sivyo. Maana yake ni kwamba gramu 90 za fedha zilitumika kuchovya vijiko 12 na uma 12 kwa pamoja, yaani chini ya gramu nne kwa kila kimoja.

Ikiwa chapa zimefutika, tazama mahali panaposuguana na meza: chini ya tumbo la kijiko na kwenye ncha za uma. Fedha tupu ikilika hubaki fedha. Pakitokea umanjano, ni nikeli iliyochovywa. Pakitokea wekundu, chini mna shaba. Na hapo usikimbilie kukitupa, kwani kama ni kazi ya kale ya Sheffield ya kabla ya Elkington, wakusanyaji wa vitu vya kale hukithamini.

Sumaku haitoshi. Ikikinasa chombo kwa nguvu, hicho ni chuma. Isipokinasa, bado hujui, kwa sababu fedha, nikeli iliyochanganywa na shaba, na hata alumini hazinaswi. Uzito pia hudanganya. Mipini ya visu vingi huwa mitupu ndani, ikajazwa utomvu, na ubapa wake ni wa chuma. Mnunuzi mkweli hapimi kisu kizima akakiita fedha.

HESABU YA THAMANI

Tuseme unavyo vijiko 12 vyenye simba, kila kimoja gramu 60. Jumla ni gramu 720. Zidisha kwa 925, gawanya kwa 1,000, utapata gramu 666 za fedha safi. Bei ya fedha hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1, kwa hiyo una aunsi 21 na kidogo. Zidisha kwa bei ya siku hiyo, nawe utajua kiwango cha chini ambacho mtu asikupunguzie sana. Sonara ana haki ya faida yake, lakini robo ya bei si faida, ni unyang'anyi.

Usisahau kwamba bei ya fedha hupanda na kushuka kama mawimbi. Mwezi Januari mwaka 1980 ilikaribia dola 50 kwa aunsi, ndugu wawili matajiri wa Marekani walipojaribu kuikamata fedha yote sokoni. Vyombo vingi vya kale viliyeyushwa wakati huo. Miezi miwili baadaye bei iliporomoka, na vile vilivyoyeyushwa havikurudi. Chombo kikongwe chenye kazi nzuri huweza kuwa na thamani kuliko uzito wake. Kikishayeyushwa, hubaki uzito tu.

Vijiko vya E.P.N.S. havina hesabu hiyo. Fedha iliyo juu yake ni utando, na gharama ya kuitoa hupita faida. Thamani yake ni ya chombo kizuri cha kulia: seti iliyokamilika katika sanduku lake, buli lisilobonyea, au kitu chenye chapa ya Elkington mwenyewe, huweza kupata mnunuzi apendaye vitu vya kale. Kijiko kimoja kimoja hakitalipa karo. Afadhali kuambiwa hivyo mapema kuliko kuvunja udugu.

Kabla ya yote, usivisugue kwa majivu, mchanga wala sufi ya chuma. Koti la Elkington ni jembamba, na ukilisugua kwa nguvu utaiondoa fedha yenyewe na kuufuta mhuri uliokuwa ushahidi wako. Weusi ule si uchafu wa aibu. Ni fedha iliyokutana na salfa iliyomo katika moshi, mayai na vitunguu. Sabuni, maji ya vuguvugu na kitambaa laini vinatosha. Weusi ukikaidi, tandika karatasi ya alumini ndani ya beseni la plastiki, tia maji ya moto na magadi kidogo, kisha laza kijiko kiguse ile karatasi. Baada ya dakika chache weusi hupungua. Kinachofanya kazi hapo ni umeme mdogo mno usioonekana, jamaa wa ule wa Elkington. Ila visu vyenye mipini ya kujazwa usivitumbukize.

Sisi Waafrika Mashariki tusimcheke Mzungu kwa kupenda mng'ao wa juu juu. Kwetu neno fedha ndilo jina la madini na ndilo jina la pesa, kwa kuwa zamani reale na rupia zilikuwa fedha kweli. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 ilikuwa na robo tu ya fedha, na kufikia mwaka 1948 ilikuwa shaba na nikeli tupu. Tuliendelea kuiita fedha na ilinunua unga vilevile.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kwa hiyo kabla sanduku la kogo halijauzwa, watoto wote na wakusanyike mchana, mlango wazi, wavigeuze vijiko kimoja kimoja, na mmoja wao aandike katika daftari kila chapa inayoonekana. Wakimkuta simba, na washukuru, kisha wapige hesabu pamoja kabla ya kumwita sonara. Wakikuta herufi nne za E.P.N.S., wasikunje uso. Waviweke tena sandukuni, na siku ya harusi ya mjukuu wavitandaze mezani. Vilitengenezwa watu wavilie chakula, na kogo alivitunza kwa kazi hiyo hiyo.